Nywele za Mama Kulwa

Simu iliingia nikiwa darasani, nikaikata. Ikaita tena, nikaikata tena. Mara ya tatu nilitoka nje nikaegemea ukuta, na wanafunzi wangu wa kidato cha tano, ambao hawajawahi kuniona nikipokea simu kipindini, wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa. "Shikamoo mwalimu. Ni Doto, mtoto wa Mama Kulwa. Wa Nyarugusu." Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, wakati Doto niliyemjua mimi alikuwa mtoto wa miaka sita aliyekuwa akibishana na pacha wake Kulwa nani alale upande wa ukuta. "Mama ametutoka," akasema. "Tumemzika Ijumaa, huku kwetu Didia. Kuna mzigo wako ameuacha. Alisema asipewe mtu mwingine, uje mwenyewe." Nilimpa pole, nikasema nitakuja Jumamosi, nikarudi darasani kumalizia somo la asidi. Sikumbuki nilifundisha nini. Nadhani niliandika mlinganyo uleule mara mbili ubaoni na hakuna aliyethubutu kunisahihisha.

Kutoka Shinyanga mjini hadi Didia si safari ya kumtoa mtu jasho. Nimepita pale mara nyingi nikielekea Kahama, na kila mara basi likipunguza mwendo nilikuwa naanza kutafuta kitu kwenye mkoba, ili macho yangu yawe mkobani mpaka nyumba ziishe. Mimi si mwoga wa watu. Waulize walimu wenzangu. Lakini Mama Kulwa nilimdanganya, kwa jambo moja tu ambalo kwake lilikuwa zito kuliko yote, na kwa miaka karibu ishirini sikupata ujasiri wa kushuka kwenye basi lile nikamwambia. Niliposikia neno mzigo nilidhani ni karatasi ya vipimo yenye muhuri niliyowahi kumpelekea. Nilidhani kabla ya kufa alikuwa ameijua kweli, na ananirudishia karatasi yangu.

Mwaka huo nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nasoma kemia. Mkuu wa idara yetu alikuwa Dakta Luhende, mtu mwembamba aliyetembea na chaki kwenye mfuko wa shati kiasi kwamba mashati yake yote yalikuwa na doa jeupe upande wa moyo. Kwa muda mrefu alikuwa akiwaandikia wafadhili wa nje awaombe spektrometa, mashine ya kupima metali kwa mwanga. Sisi tulikuwa tunapima kila kitu kwa bureti na macho yetu, tone moja moja, mpaka rangi ibadilike. Mashine aliyoitaka Dakta ilikuwa ya kukamata zebaki. Unatia sampuli iliyoyeyushwa, zebaki iliyomo inapanda kama mvuke na kuingia kwenye bomba la kioo, na bombani kuna taa upande mmoja na jicho la mashine upande wa pili. Mwanga ukifika pungufu, zebaki ipo. Wafadhili wakakubali, ila kwa sharti kwamba mashine itumiwe na wanafunzi wa shahada ya kwanza, siyo wakubwa, na kwamba awepo mwanafunzi mwenye mada tayari. Mimi nilikuwa nimefanya mafunzo ya vitendo Nyarugusu, kwenye machimbo madogo ya dhahabu, na nilikuwa napiga kelele darasani kuhusu wanawake wanaochoma dhahabu jikoni. Basi Dakta akaandika jina langu. Nilijiona nimepaa.

Kule Nyarugusu wanawake wengi walifanya kazi mwaloni, mahali ambapo mchanga uliosagwa huoshwa na kuchanganywa na zebaki ili dhahabu ishikamane nayo. Wanaichanganya kwa mikono mitupu kwenye beseni. Kidonge kinachopatikana huchomwa ili zebaki iondoke ibaki dhahabu, na kwa kuogopa wezi wanakichomea ndani, jikoni, mlango umefungwa, sufuria ya ugali ikisubiri zamu yake pembeni. Nilitaka kujua zebaki kiasi gani imeingia miilini mwao, na nywele ndizo zinazotunza kumbukumbu hiyo vizuri. Sikuwa nimefikiria zaidi ya hapo. Nilifika mwaloni na mkasi wangu mpya na bahasha zangu za kaki, nikajieleza, wakanitazama kama mtu aliyewaomba wavue nguo barabarani. "Mkojo tungekupa," akasema mmoja. "Hata damu. Nywele, hapana." Upande ule, mtu akinyolewa huokota nywele zake mwenyewe hadi unywele wa mwisho na kuzitokomeza anakojua yeye, kwa sababu aliye na nywele zako ana wewe.

Aliyeniokoa alikuwa Mama Kulwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, mwenye sauti ya chini iliyofanya watu wasogee ili wamsikie. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Akinywa chai alishika kikombe kwa mikono miwili, na bado ilimwagika kwenye kanga. Mume wake alikuwa amefukiwa na duara, yaani shimo la kuchimbia, mwaka mmoja kabla. Pale nyumbani alikuwa akiishi na mama mzaa mume, kikongwe mdogo mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, na watu walishaanza kuunganisha mambo: kwanza mtoto wake, sasa mkono wa mkwe wake, bibi huyu anaumaliza mji. Wote wanaosoma hapa wanajua vikongwe wa macho mekundu, wakishaitwa wachawi, walikuwa wanafanywa nini. "Mwanangu," Mama Kulwa aliniuliza, "hiyo mashine inaweza kusema mkono huu una nini?" Nikasema inaweza kusema kama ni zebaki. "Kwa karatasi?" Kwa karatasi, yenye muhuri. Akafikiri. "Na nywele zikishapimwa zinaenda wapi?" Nikajibu, "Zinarudi." Akauliza, "Zote?" Nikasema zote. "Sema tena, wenzangu wasikie."

Nikasema tena, kwa sauti. Ninataka ieleweke kwamba nilikuwa najua. Hatua za upimaji nilikuwa nazo kichwani kama sala: nywele zinaoshwa, zinapimwa uzito, zinatiwa kwenye asidi ya nitriki, zinachemshwa mpaka kibaki kimiminika cha manjano kinachoonyesha ng'ambo. Hakuna cha kurudi. Lakini walikuwa wameanza kufungua vilemba, na mimi nilikuwa na mada, na mkasi ulikuwa mkononi. Nikajiambia nitatumia nusu na kurudisha nusu. Wakakatwa wanawake tisa, kila mmoja kishungi kutoka kisogoni. Nikaandika majina na namba, nikafunga kwa gundi, na Mama Kulwa akazihesabu bahasha zangu moja baada ya moja kabla hajaniacha niondoke.

Mashine ilifika baada ya wiki chache, ndani ya kasha la mbao refu kunishinda. Tulikuwa tumesafisha stoo ya vifaa vya michezo iwe chumba chake. Ilinuka ngozi ya mipira na sumu ya panya, ilikuwa na dirisha moja la nondo linalotazama kishamba cha karanga cha mpishi, na ilikuwa imefungwa kiyoyozi, cha kwanza katika idara nzima. Ubavuni mwa kasha palibandikwa alama ndogo yenye kidirisha. Kikiwa cheupe, kasha limesafiri limesimama. Kikiwa chekundu, limelazwa. Chetu kilikuwa chekundu kabisa. "Tulililaza kidogo tu, mheshimiwa," dereva wa lori akamwambia Dakta Luhende, "kulikuwa na mabati." Kama Dakta angekuwa mtu wa kutukana ningejifunza mengi siku ile. Alipokea kasha kwa kuandika chini ya sahihi yake kwamba alama ni nyekundu, na neno hilo moja la ukweli likatufunga. Wauzaji wakaandika kwamba lisifunguliwe mpaka fundi wao aje. Watu wa bima nao wakaandika lisiguswe mpaka mkaguzi wao aje. Fundi akasema hawezi kuja kabla ya mkaguzi. Mkaguzi hakusema kitu, kwa miezi.

Kazi yangu ikawa kulinda sanduku. Ufunguo wa stoo niliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na kila asubuhi nilitakiwa kuingia, kusoma kipimajoto na kuandika kwenye daftari joto la chumba, kwa sababu wauzaji walitaka ushahidi kwamba mashine haijapata joto. Kasha lililala na kiyoyozi, mimi nikalala na mbu. Mwezi wa saba wenzangu waliwasilisha tafiti zao za bureti, wakapasi, wakafunga mabegi. Niliwasikia wakiimba wakielekea stendi, na mmoja akapita dirishani akaniuliza kama nimeolewa na sanduku. Nilicheka naye. Alipoondoka nilipiga teke lile kasha mpaka kidole kikavimba, halafu nikaogopa kwamba nimeharibu kitu, nikakaa sakafuni nikilia kwa uchungu wa kidole, au ndivyo nilivyojiambia. Bweni lilibaki tupu. Bwalo lilifungwa. Mpishi, kwa huruma yake, alikuwa akiniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikiwa imepikwa na karanga kwenye bakuli la bati, nami nikala nikiwa nimeegemea kasha, nikitazama karanga zake nyingine zikikauka nje ya nondo. Hadi leo nikisikia harufu ya michembe nasukuma sahani.

Kati ya stoo ile na ofisi ya Dakta palikuwa na ukuta wa mbao laini tu. Mchana mmoja nikiwa nakula nilimsikia mgeni wake, mtu wa utawala, akisema, "Mpe huyu binti mada nyingine amalize aende zake. Wenzake wote wameondoka." Dakta akajibu polepole, "Akibadilisha mada mashine inapelekwa chuo kingine. Jina lake limo kwenye mkataba." Mgeni akauliza, "Mwenyewe anajua?" Dakta akasema, "Hajui. Akijua ataondoka. Na mimi nimeiomba mashine hii miaka sita." Niliacha kutafuna. Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza, maana mtu mwenyewe nilikuwa nampenda. Nilikwenda bwenini nikapanga nguo begini. Nikazipangua, nikazipanga tena kesho yake, na kuzipangua. Kwa Dakta na mkataba wake ningeondoka bila kugeuka. Kilichonirudisha ni droo ya meza iliyokuwa na bahasha tisa, na simu ya kila wiki.

Mama Kulwa hakuwa na simu. Alipiga kwa simu ya mwenye duka, siku ya gulio, wala hakuzungusha maneno. "Mashine imeamka?" Nikajibu, "Bado, mama." Wiki nyingine tena: "Imeamka?" Kuna siku alisema, "Mkono haushiki sindano sasa. Na bibi juzi wametupa jiwe kwenye bati lake, akiwa ndani amelala." Nilimuuliza jambo ambalo sikuwa na haki ya kuliuliza, kama yeye mwenyewe anaamini bibi amemfanyia kitu. "Siamini, wala sikatai," akasema. "Nalala naye nyumba moja, anawapikia wanangu uji. Usiku mkono ukinicheza nawaza mengi. Ndiyo maana nataka mashine iseme." Kisha akauliza, kama kila mara, "Nywele zangu zipo?" Nikasema zipo. Hapo nilikuwa bado nasema kweli.

Nilikuwa nimefungwa pande zote, na siku hizi nikiwasikia vijana wakisema wamekwama kwa sababu mtandao unasumbua natamani kuwaonyesha ile stoo. Nisingeweza kupima bila kufungua kasha, wala kuondoka bila kupima. Na kupima bila kuvunja ahadi kulikuwa hakuwezekani hata siku ya kwanza, ila hilo nililijua peke yangu. Kuna asubuhi niliomba mashine iwe imevunjika. Nilidhani ikivunjika nitazirudisha bahasha zile zikiwa nzima, nitalia kidogo, nitakwenda zangu. Halafu nilikumbuka lile jiwe juu ya bati, nikaona haya.

Mkaguzi alikuja mwezi wa kumi, akatumia muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Wiki iliyofuata akaja fundi, kijana mpole kutoka Dar es Salaam aliyekuwa na siku mbili tu kabla ya kwenda kwingine. Akang'oa misumari, akatoa maboya ya kuikinga mashine, akakagua kila bomba. Hakuna kilichopasuka. Hata kioo kimoja. Dakta Luhende alishika mlango akacheka mpaka akakaa chini, mimi sikuweza kucheka. Siku ya kwanza fundi aliiwasha na kuipima kwa sampuli zake. Siku ya pili asubuhi nilipewa zamu. Nilikuwa nimeshayeyusha nusu ya nywele za kila bahasha, chupa tisa za manjano zimepangwa mstari. Dawa inayoamsha zebaki iwe mvuke hutiwa kwenye chupa moja, unasoma, ndipo unakwenda ya pili. Mimi, baada ya kusubiri karibu mwaka mzima, kwa pupa nikaitia kwenye chupa zote tisa kwa mkupuo. Nikawasha. Umeme ukakatika.

Ulirudi saa tisa alasiri. Zebaki ilikuwa imeshapotelea hewani kupitia dirisha la mpishi, na chupa zangu zilikuwa maji ya bure. Dakta aliuliza, "Nywele zimebaki?" Nikasema zimebaki nusu, zinatosha mara moja tu, ila nilizitenga za kurudisha. "Kurudisha wapi?" Nikamweleza, kwa mara ya kwanza, nilichowaambia wale wanawake. Dakta alikuwa Msukuma wa Msukuma, mwanakwaya na mwanasayansi, na hakucheka. Alitoa chaki mfukoni akaigeuzageuza. "Ulipowaahidi ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. "Basi mimi siwezi kukuamulia, binti. Fundi anaondoka alfajiri, na bila yeye hatujui kuiendesha." Akatoka na kuuacha mlango wazi. Kwa miezi yote ile mlango ule ulikuwa wa kufungwa na ufunguo wangu, na sasa uko wazi, upepo unaingia, na mimi sikutoka. Nilimfikiria Mama Kulwa akizihesabu bahasha. Nilimfikiria bibi chini ya bati lake. Nikachukua nusu iliyobaki, nikaitia kwenye asidi, nikatazama nywele za mwisho zikilegea na kupotea. Safari hii nilikwenda chupa moja moja. Namba ya Mama Kulwa ilikuwa ya juu kuliko zote tisa, mwanga ulizama mpaka fundi akapiga mluzi.

Kesho yake nilikwenda kwa kinyozi karibu na soko. Nilikuwa na nywele nyingi, nimezifuga tangu sekondari, ndizo nilizojivunia. "Umefiwa na nani, dada?" akauliza, maana huku mwanamke hanyoi upara hivihivi. Nikasema sijafiwa, nyoa tu, na nywele nitaondoka nazo zote. Alinitazama vibaya akanyoa bila neno lingine. Chumbani nilizikata fupifupi, nikazigawa, nikaziweka kwenye bahasha zilezile za kaki na kuzifunga upya. Nikafunga kilemba. Nilijiona nimekuwa mjanja, na nilijichukia, yote kwa pamoja.

Nyarugusu walinipokea vizuri kupita nilivyostahili. Mama Kulwa alikuwa amechinja kuku mwekundu na kupika wali wa mchele wa Kahama, nikala nikiwa sisikii ladha. Bibi alikuwa mlangoni kwake, magoti kifuani, akanisalimu kwa Kisukuma nami nikajibu nilichoweza. Baada ya chakula tulikwenda mwaloni. Wanawake walikuwepo, na wachimbaji kumi na zaidi, wengine wale waliokuwa wakimsema bibi. Nikasoma karatasi yangu yenye muhuri: kilichoushika mkono wa Mama Kulwa ni zebaki, hii mnayoishika kwenye mabeseni, hii mnayoivuta jikoni, na wengine wote wanane wanayo. Wakanung'unika. Mwanamume mmoja aliyekaa juu ya mfuko wa mchanga akasema taratibu, "Karatasi mtu yeyote anaandika. Nywele zao ziko wapi? Mtu akichukua nywele zako asizirudishe, hiyo si mashine, ni uchawi wa huyu na yule bibi."

Nikazitoa bahasha, nikamnyooshea Mama Kulwa. Akaichukua yake, akaipasua kwenye kona, akachungulia. Akaingiza kidole. Kisha akainua macho, akatazama kilemba changu. "Ni zangu," akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya chini hata kidogo. "Nazijua." Wenzake walipoanza kunyoosha mikono, akawawahi. "Leteni zote, nizichome kwa moto mmoja, yaishe." Akazikusanya zote kwenye kanga yake, akaenda nyumbani, nasi nyuma yake. Aliingia jikoni peke yake akafunga mlango. Haukupita muda, harufu ya nywele zinazoungua ikatoka chini ya bati, ile harufu isiyofanana na nyingine. Yule mwanamume wa mfuko wa mchanga alikohoa, akasema, "Haya," akaondoka, na wengine wakafuata. Mimi nilirudi Shinyanga nikijua kwamba nimemdanganya mwanamke aliyenichinjia kuku, tena kwa nywele ambazo hata yeye hakuzitambua. Baada ya miezi nilisikia ameacha mwalo, amehamia Didia na watoto na bibi, analima mpunga.

Jumamosi nilishuka Didia. Doto alikuwa amefanana na mama yake mpaka nikasimama njiani. Matanga yalikuwa yameisha, turubai limeshakunjwa, akaniweka kwenye kiti ndani, akaniletea maji, akauliza habari za kazi. Kisha akaingia chumbani akatoka na kopo la maziwa ya unga, la zamani, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Hakunipa. Aliliweka mapajani mwake akafungua kifuniko, nikaziona bahasha, kaki yake imekuwa kahawia, mwandiko wangu wa kike wa miaka ile, namba moja hadi tisa. Nane zilikuwa hazijafunguliwa.

"Mwalimu," akasema Doto, "nimeambiwa nikuulize kwanza. Hizi ni nywele za nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi kujibu swali hilo, na maneno yote niliyoyaandaa yalikuwa marefu. "Zangu," nikasema. "Za mama yenu niliziyeyusha."

Doto akashusha mabega. "Alisema ukisema ni zake, nikupe chakula, nikusindikize, na kopo nilizike mwenyewe. Ukisema ni zako, nikupe." Akanisogezea. Nikamuuliza, na siku ile jikoni, harufu ile, alichoma nini? Doto akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Manyoya ya yule kuku. Sisi tulikuwa tumejificha nyuma ya mtungi, tukamwona. Akatuambia tukisema atatuchapa." Mimi mwalimu wa kemia, ninayefundisha kila mwaka kwamba nywele na manyoya ni kitu kimoja na huungua kwa harufu moja, nilifunika uso kwa mikono. "Nilimuuliza mwaka jana kwa nini hakukwambia kwamba anajua," Doto akaendelea. "Akasema, ningemwambia, angekwenda kusema kweli, na bibi alikuwa bado yumo ndani." Bibi alifia pale Didia, kitandani kwake, kwa uzee tu. Na nywele zangu, nikauliza, kwa nini hakuzitupa? Doto alionekana kushangaa kwamba nauliza. "Ni nywele za mtu," akasema. "Angezitupa wapi?"

Nikalia pale, na Doto akaniacha nilie. Baadaye akaniletea michembe na karanga, asijue, nikala. Mkono wangu mwingine ulikuwa juu ya kopo. Nina mvi sasa, na zile zilizokuwa mle ndani ni nyeusi tii. "Alisema pia uzihesabu mbele yangu," Doto akaniambia nilipomaliza, "usije ukafika mjini ukasema imepungua moja."

Nikazimwaga mkekani nikazihesabu. Zilikuwa tisa.